Bima ya kutunzwa uzeeni Marekani: anza kabla goti halijaanza kuuma

Wadau, hii nawaandikia wabeba boksi wenzangu wa huku Marekani, hasa wale walioshagonga 45 kwenda juu na bado wanadhani uzee ni wa watu wengine. Mi nipo Houston, kazi yangu kulea wazee, nimeianza 2006 nikiwa na nguvu za kumnyanyua mtu mzima kitandani kama mtoto, sasa hivi nikiamka asubuhi mgongo unanisalimia kabla ya mume wangu. Kwa hiyo ninayosema sijayasoma tu, nayaona kila siku, naona nani analipiwa, nani nyumba inauzwa, na nani watoto wake wanagombana koridoni wakidhani mama hasikii.

Bima ya maisha tunaijua, maana tumechanga sana kusafirisha miili ya wenzetu. 401(k), ile akiba ya kustaafu ya kazini, tunaijua, Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wenye miaka 65 kwenda juu, tunaijua kwa jina. Ila bima ya kutunzwa uzeeni, wenyewe wanaiita long-term care insurance, ukiitaja kwenye kikao cha jumuiya watu wanaona unaleta uchuro. Haya basi ngoja nilete huo uchuro.

Kosa la kwanza ni kuamini kwamba ukifika 65 Medicare inabeba kila kitu. Haibebi. Medicare ni ya hospitali na daktari. Ukilazwa siku tatu hospitali halafu ukapelekwa nyumba ya wauguzi urudishe nguvu, inalipa siku 20 za kwanza zote, kuanzia ya 21 mpaka ya 100 na wewe unachangia, na kwa 2025 mchango ulikuwa dola 209.50 kwa siku, ikifika ya 101 mzigo wote ni wako. Hapo bado ni lazima uwe unahitaji muuguzi au mtu wa mazoezi ya viungo. Halafu kuna mtego kwenye zile siku tatu, unaweza kulala hospitali usiku tatu, chakula unaletewa, sindano unachomwa, kumbe kwenye karatasi wameandika upo chini ya uangalizi tu, hujalazwa, na hizo siku hazihesabiki. Nimeona familia wanaambiwa hivyo siku ya kutoka, mtoto wa mgonjwa akakaa chini kabisa sakafuni. Siku ukiwa na mgonjwa wako uliza mapema, amelazwa au anaangaliwa tu?

Kuogeshwa, kuvalishwa, kulishwa, kubadilishwa pampasi, kukaa na mtu aliyepoteza kumbukumbu asitoke nje usiku, kama ni hayo tu unayohitaji Medicare haikulipii. Na uzee wenyewe ndio huo sasa! Serikali yao inasema mtu anayefika 65 leo ana uwezekano wa karibu asilimia 70 wa kuhitaji matunzo ya namna hiyo kwa kiasi fulani kabla hajafa, wanawake kwa wastani miaka 3.7, wanaume 2.2. Dada zangu someni hiyo tena. Unamuuguza mume, mume anatangulia, halafu wewe unabaki na miaka yako mitatu na nusu na nani?

Bei sasa. Uchunguzi wa 2024 wa Genworth na CareScout (kampuni ya bima hizi na tawi lake) ulitoa bei za katikati za nchi nzima hivi: mtu wa kukuhudumia nyumbani dola 34 kwa saa, ukimtumia saa 44 kwa wiki ni dola 77,792 kwa mwaka, nyumba za wazee wanaojimudu kidogo dola 70,800, na nyumba ya wauguzi chumba cha peke yako dola 127,750, yaani dola 350 kwa siku, kila siku, Krismasi na Idi zikiwemo. (Ile 34 kwa saa msidhani inakuja kwetu tunaofanya kazi, hiyo ni bei ya kampuni inayotutuma, cha kwetu tunakijua wenyewe.)

Kosa la pili ni kusema basi Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wasio na uwezo, itanilipia. Ni kweli Medicaid inalipa nyumba ya wauguzi mpaka mwisho, wengi ninaowahudumia wanalipiwa nayo, ila ni mpaka uwe huna kitu. Hapa Texas mtu asiye na mwenza anatakiwa awe na mali isiyozidi dola 2,000, na majimbo mengi ni hivyo hivyo. Nyumba unayoishi na gari vina taratibu zake, na kama una mwenza aliyebaki nyumbani anaachiwa kiasi, kwa 2025 kilikuwa hakizidi dola 157,920. Ukishafariki jimbo linaweza kurudi kudai ilicholipa kwenye ulichoacha, na mara nyingi ulichoacha ni nyumba.

Halafu wanaangalia miaka mitano nyuma. Hapa ndipo watu wetu wanaponasa, maana sisi maisha yetu yote ni kutoa. Umemtumia mdogo wako dola 20,000 akajenga Kigamboni kwa jina lake, umemwandikisha mtoto nyumba kwa dola moja, ukiomba Medicaid ndani ya miaka mitano hiyo inasomeka kwamba umegawa mali, na unakatiwa muda wa kutolipiwa kulingana na ulichogawa. Na kiwanja chenye jina lako usidhani kwa vile kiko Bongo basi hakionekani, kwenye fomu wanauliza mali zako zote na ile fomu unaisaini kwa kiapo. Na kwa mliokuja karibuni, mwenye green card kwa kawaida anasubiri miaka mitano kabla ya Medicaid, na Medicare ya hospitali bila kulipia kila mwezi inataka wewe au mwenza wako awe amefanya kazi ya kukatwa kodi robo 40, yaani miaka kumi. Kwa hiyo mama uliyemleta akulelee wajukuu, akianguka bafuni mwaka wa pili, wewe ndio bima yake.

Sasa swali la kwanza kabla hujapiga simu kwa wakala yeyote wa bima: utazeekea wapi?

Nalisisitiza sana kwa sababu wakala hatakuuliza, yeye hajui kama una nyumba ya vyumba vinne Tegeta inayokusubiri na geti limeshapakwa rangi. Bima nyingi za aina hii zinalipa matunzo yanayotolewa Marekani, basi. Baadhi zinakubali nje ya nchi lakini kwa kupunguza, pengine nusu ya kiwango au kwa muda mfupi uliowekwa, na wanataka risiti na mtoa huduma mwenye sifa wanazozitambua. Binti wa shangazi yako anayekuogesha Moshi kwa upendo wote hana leseni wala risiti. Medicare nayo Tanzania hailipi. Nina kaka mmoja namjua amelipa hii bima miaka kumi na moja, akastaafu, akarudi nyumbani, ndio akafungua mkataba kuangalia sehemu ya nje ya nchi. Hakuna sehemu ya nje ya nchi.

Kwa hiyo kaeni na mwenzio, mzungumze ukweli, sio ukweli wa kwenye harusi. Kila mtu anasema mi nitarudi. Wakati huo watoto wako huku, wajukuu wako huku, daktari wako wa presha yuko huku, na mwenzangu wengi ninaowajua walirudi miaka miwili wakarudi tena Houston. Kama una uhakika wa kurudi, una nyumba na una watu, hela hiyo ya bima pengine ifanye kazi nyingine, weka akiba, andaa chumba cha chini chenye bafu lisilo na kizingiti, maana nyumba zetu tunajenga ngazi kama za ikulu halafu tukifika 75 hatuwezi kuzipanda. Kama utabaki huku, au hujui, endelea kusoma. Na kama hujui, mkataba wenye kipengele cha nje ya nchi una thamani kwako kuliko kwa Mmarekani, utafute huo, na ukiambiwa upo, uoneshwe mstari wenyewe kwenye karatasi.

Umri gani sasa? Watu wengi wanaojua hii biashara wanasema hamsini na kitu mpaka sitini na mwanzo, nami nakubaliana nao, na sababu kubwa ni afya kuliko bei. Hii bima hupewi kwa kuwa una hela, wanakuchunguza kwanza. Wanavuta rekodi zako za hospitali na orodha ya dawa, wengine wanakupigia simu kukupima kumbukumbu, wanakutajia maneno kumi halafu baadaye wanakuuliza uliyoyasikia. Umeshapata kiharusi, una Parkinson, una sukari unayochoma insulini kwa wingi, unatumia fimbo ya kutembelea, mlango mara nyingi umefungwa. Takwimu za 2021 za chama cha wanaouza hii bima zilionesha walioomba wakiwa na miaka 50 hadi 59 mmoja kati ya watano alikataliwa, waliofika 70 hadi 74 karibu nusu. Na sisi weusi na presha yetu na sukari yetu mnajua wenyewe, kwa hiyo usingoje 65 ati ndio unastaafu. Kitu kingine, usiombe bima wiki ambayo una vipimo havijajibiwa. Maliza vipimo, tulia, ndio uombe, maana ukikataliwa na kampuni moja nyingine zitakuuliza kama umewahi kukataliwa.

Bei inategemea umri, afya, jinsia na unachochagua. Kwa mfano wa 2023, American Association for Long-Term Care Insurance, chama hicho hicho, walionesha mwanaume wa miaka 55 mwenye afya akinunua mfuko (yaani jumla ya hela ambayo bima itakulipia matunzo) wa dola 165,000 usioongezeka na miaka alilipa kama dola 900 hivi kwa mwaka, mwanamke wa umri huo huo karibu 1,500. Ndiyo, wanawake tunalipa zaidi kwa sababu tunaishi zaidi, sijui tuombe radhi. Mke na mume wakinunua pamoja huwa kuna punguzo, uliza. Kipimo chao wenyewe wasimamizi wa bima ni kwamba malipo yakizidi asilimia 7 ya kipato chako, hiyo bima si saizi yako. Na mi nakushauri hiyo asilimia 7 uipigie kwenye kipato cha kustaafu, sio cha leo unapofanya kazi mbili na ovataimu.

Haya, wakala amekuletea karatasi. Usiangalie bei kwanza, angalia mambo haya.

Kiwango cha kwa siku au kwa mwezi na kwa muda gani. Ukichukua dola 150 kwa siku kwa miaka mitatu, mfuko wako ni dola 164,250. Mikataba mingi ya sasa ni mfuko kweli, ukitumia dola 75 tu kwa siku, utadumu miaka sita, lakini hakikisha imeandikwa hivyo. Usishtuke kwamba 150 haifikii 350 ya nyumba ya wauguzi, lengo si bima ilipe zote, una pensheni ya Social Security, una akiba, bima inajazia. Watu wanaojaribu kununua inayolipa kila senti ndio hao wanaishia kuiacha njiani kwa kushindwa malipo.

Mfumuko wa bei. Hii usiiache, bora upunguze miaka kuliko kuiacha hii. Una miaka 55 leo, utahitaji matunzo ukiwa 80, hiyo dola 150 ikikaa vile vile itanunua nini? Kipengele cha asilimia 3 inayojizidisha juu ya nyongeza kinaifikisha kama dola 314 baada ya miaka 25, ila asilimia 3 ya kawaida isiyojizidisha inaishia dola 262. Wakala akikwambia tu ina nyongeza ya asilimia tatu, muulize ipi kati ya hizo mbili.

Kipindi cha kusubiri. Mingi ni siku 90, maana yake siku 90 za mwanzo unajilipia, na kwa bei ile ya dola 350 hizo ni dola 31,500, kwa hiyo uwe na akiba yake pembeni. Sasa sikilizeni hili maana halisemwi. Kuna mikataba inahesabu siku za kalenda na kuna inayohesabu siku ulizopata huduma tu. Nilikuwa namhudumia mzee mmoja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Mkataba wake ulikuwa wa siku za huduma. Siku tatu kwa wiki kufika 90 ni wiki 30, miezi saba! Binti yake alikuwa anaweka alama ya vema kwenye kalenda ya kanisa iliyoning'inia jikoni, kila nikiondoka anaweka moja, ilifika mwezi wa tano akaacha kuniangalia usoni, nadhani hela ilikuwa inaisha. Wa siku za kalenda ungeshaanza kulipa zamani.

Inalipa wapi na inamlipa nani. Iwe inalipa nyumbani na sio nyumba ya wauguzi tu. Uliza kama inaweza kumlipa ndugu, mingi haimlipi, inataka kampuni ya watunzaji yenye leseni. Ile inayotoa pesa taslimu bila kudai risiti ni ghali zaidi ila kwa familia zetu ambazo dada ndiye anaacha kazi kumlea mama, inafaa.

Na uliza kama ni mkataba wa mpango wa Partnership, majimbo mengi wanao, Texas ipo. Huu uzuri wake ni kwamba bima ikishakulipia tuseme dola 165,000 ikaisha, ukaenda kuomba Medicaid, wanakuruhusu kubaki na dola 165,000 juu ya zile 2,000 na hawazigusi hata ukishafariki. Dola kwa dola. Kwa mtu mwenye akiba ya kati kama wengi wetu, si tajiri si fukara, hii ndio sababu kubwa ya kununua, na nashangaa mawakala wanavyoipita kama kijiwe cha barabarani.

Kuhusu malipo kupanda, sitawadanganya, yanapanda. Kampuni zilizouza hizi bima miaka ya 80 na 90 zilipiga hesabu vibaya, zilidhani watu wengi wataziacha njiani, watu hawakuziacha, wakaishi muda mrefu, na riba ikashuka. Mfuko wa wafanyakazi wa umma California, CalPERS, ulitangaza kupandisha asilimia 85 kwa wengi wa wateja wake, kesi ikaenda mahakamani. Kampuni ya Penn Treaty ilifungwa kwa amri ya mahakama 2017, wateja wakahamia kwenye mifuko ya dhamana ya majimbo ambayo mingi inaishia dola 300,000. Hata serikali kuu ilisimamisha kupokea wateja wapya kwenye mpango wa watumishi wake Desemba 2022. Kampuni haiwezi kukupandishia wewe peke yako kwa sababu umeugua, inapandisha kundi zima na inapeleka maombi kwa msimamizi wa bima wa jimbo, ndio, lakini maumivu ni yale yale. Kwa hiyo chagua malipo ambayo hata yakipanda nusu yake utayamudu. Na barua ya kupanda ikija usikimbilie kufuta, wanakupa kuchagua kupunguza miaka au kupunguza nyongeza ili malipo yabaki pale pale, na aliyelipa miaka mingi akiacha kabisa mara nyingine anabakiziwa mfuko mdogo wa kile alicholipa. Isome ile barua mpaka ukurasa wa mwisho.

Kuna aina nyingine ya mchanganyiko, bima ya maisha ndani yake ina matunzo. Unalipa kwa mkupuo au kwa miaka kumi, ukihitaji matunzo inalipa, usipohitaji watoto wanapata hela ukifa. Watu wetu wanaipenda hii kwa sababu hela haipotei, na hela ya kusafirisha mwili inakuwepo bila kupitisha bahasha. Malipo yake kwa kawaida hayapandi. Ila unatoa hela nyingi mwanzoni na kwa hela hiyo hiyo matunzo unayopata ni kidogo kuliko ile ya kawaida. Mwenye bima ya maisha ya zamani yenye akiba ndani yake anaweza kuihamishia huko bila kodi, muulize mtu wa kodi.

Wa jimbo la Washington, nyie wa Seattle na Kent, mnakatwa tayari asilimia 0.58 ya mshahara tangu Julai 2023, ni mfuko wa jimbo wa matunzo haya haya, na kiwango cha juu ni dola 36,500 kwa maisha yako yote, malipo yakianza Julai 2026. Msiseme basi tumemaliza, kwa bei niliyowapa hapo juu hiyo ni miezi mitatu na nusu ya nyumba ya wauguzi.

Msaada wa bure upo. Kila jimbo lina washauri wa bima wa wazee ambao hawauzi chochote, hapa Texas wanaitwa HICAP, unapiga simu unakaa nao wanakusomea mkataba. Watumie hao kabla ya wakala aliyekutana nawe kanisani, hata kama ni Mtanzania mwenzetu, au hasa kama ni Mtanzania mwenzetu, maana utaona aibu kukataa. Ukishanunua una siku 30 za kuusoma mkataba na kuurudisha ukarudishiwa hela yako yote. Zitumie.

Ukishanunua kazi haijaisha. Kuna bibi mmoja nilimhudumia, alilipa hii bima zaidi ya miaka ishirini hajakosa. Kumbukumbu ilipoanza kuondoka, kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa bili. Binti yake alikuja kutoka jimbo lingine, tukawa tunatafuta kijiko cha uji, akavuta droo ya vijiko akakuta bahasha saba za kampuni ya bima hazijafunguliwa, zimepangwa vizuri kabisa kwa tarehe na zimefungwa rababendi. Bima ilikuwa imeshafutwa. Kilichomuokoa ni kipengele kinachosema kama uliacha kulipa kwa sababu ya kupoteza kumbukumbu, una miezi mitano ya kuirudisha ukilipa deni na daktari akithibitisha. Walikuwa mwezi wa nne. Kampuni ilizungusha weee, faksi haijafika, fomu si yenyewe, mpaka daktari akapiga simu mwenyewe.

Kwa hiyo siku ile ile unasaini, jaza sehemu ya mtu wa pili wa kupewa taarifa ukichelewa kulipa. Ni bure. Usimwandike mwenza wako mnayezeeka pamoja, mwandike mtoto au mdogo wako, na awe mtu anayefungua barua. Malipo yakatwe benki moja kwa moja. Mkataba utoe kopi, na waambie watoto uko wapi. Wa kwangu upo kwenye bahasha ya kaki nimeibandika kwa selotepu ndani ya mlango wa kabati la unga, kila anayepika ugali nyumbani kwangu anaiona.

La mwisho ni siku ya kudai, na hapa naongea kama mfanyakazi. Ili bima ianze, lazima mtaalamu wa afya athibitishe kwamba kwa angalau siku 90 huwezi kufanya bila msaada mambo mawili kati ya sita: kuoga, kuvaa, kula, kwenda chooni, kuzuia haja, na kuhama kutoka kitandani kwenda kwenye kiti, au umepoteza kumbukumbu kiasi cha kuhitaji mtu wa kukulinda. Msaada si lazima ushikwe mkono, hata mtu kusimama hapo hapo karibu ili usianguke unahesabika, sheria inasema hivyo. Sasa kampuni inamtuma nesi nyumbani kuuliza maswali, na wazee siku hiyo wanageuka vijana. Nilikuwa na mzee mwanajeshi mstaafu, kila asubuhi nasimama na taulo mlangoni mwa bafu, namshika kiuno akitoka, nesi kaja kamuuliza unaoga mwenyewe, kajibu bila kupepesa, naam, naoga mwenyewe, nimeoga mwenyewe maisha yangu yote. Nesi akaandika anajimudu. Madai yakakataliwa, tukakata rufaa, safari ya pili mkewe alikaa pale pale na daftari la wiki mbili nilizoandika kila siku nilichomsaidia na saa ngapi.

Kama Mmarekani anafanya hivyo, je sisi? Mama yangu ana miaka 79, yuko hapa nyumbani kwangu. Mwezi uliopita alianguka chumbani, nikamkuta ameegemea kitanda, mkono umevimba, nikamwambia shikamoo mama, vipi, akaniambia marahaba mwanangu, mzima kabisa, wewe umeamkaje.

Siku nesi akija kwa mtu wako, uwepo, na daftari liwe mkononi mwako.